Misitu ya Shinyanga na Geita, na Maji Yatokayo Humo

Mganga mwenye busara akiletewa mgonjwa hampi dawa papo hapo. Kwanza humwuliza habari zake. Umepigwa na nini? Umeumia kiasi gani? Je, ulipougua zamani ulipona upesi, ama ulikawia? Akiisha kuyajua haya matatu, ndipo ashikapo dawa. Nchi nayo yafaa kuulizwa vivyo hivyo, na hasa nchi ya misitu ambamo maji huanzia. Mtu akitaka kujua kama msitu fulani u katika hatari, na aulize: Unapigwa na nini? Ukipigwa, waumia kiasi gani? Na ukiisha kuumia, waweza kupona?

Nataka kuwasimulia habari za Shinyanga na za Geita kwa maswali hayo matatu. Maana kwa muda wa miaka mia moja na zaidi watu wengi wameitazama nchi hiyo na kuipima, lakini kila mmoja aliipima kwa kipimo kimoja tu, yaani kwa kitu kile alichokitafuta mwenyewe. Wengi wao hawakuwa watu wabaya. Hata hivyo nchi iliumia, na twaweza kujifunza mengi kwa kuumia kwake na kwa kupona kwake.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Shinyanga ni nchi ya vilima vidogo vya mawe na mabonde mapana. Mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 600 mpaka 800, nayo hunyesha kwa miezi michache, mara nyingi kwa kishindo, kisha huja kiangazi kirefu. Wazee wa Kisukuma waliujua sana udongo wao kwa kadiri ulivyokaa kwenye mteremko. Ule mchanga mwepesi wa juu karibu na mawe waliuita luseni, na ule mweusi mzito wa bondeni, unatao wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, ndio udongo wa mbuga. Maji ya upande mmoja huingia mto Manonga na kuelekea Wembere. Maji ya upande wa pili, kama yale ya mto Isanga, huenda kaskazini mpaka ziwa Victoria. Geita iko magharibi, ng'ambo ya hori ya ziwa. Vilima vyake ni virefu zaidi, mvua yake ni nyingi kuliko ya Shinyanga, na miti yake ya miombo ilikuwa imesongamana sana.

Sasa, msitu wafanya kazi gani katika mambo ya maji? Tone la mvua likianguka juu ya udongo mtupu hulipiga vumbi na kuliziba, kama mtu anayekandika sakafu. Maji hayapati njia ya kuingia, basi hukimbia juu juu, yakichukua udongo mzuri. Siku ile mto hufurika, na baada ya mwezi mmoja huwa mkavu. Lakini tone likianguka penye miti, majani huvunja nguvu zake. Majani makavu yaliyo chini hulipokea kama sifongo. Na mizizi iliyooza huacha vijia ambavyo maji hupenya kwenda chini. Maji hayo hutoka polepole kwenye chemchemi wakati wa kiangazi. Ni kweli kwamba miti nayo hunywa maji, na aina nyingine hunywa mengi. Lakini nchi isiyo na kifuniko hupoteza maji na udongo pamoja.

Tuanze na pigo la kwanza. Hapo kale nchi ya Usukuma ilikuwa na mashamba na ng'ombe wengi, na misitu ilikaa kando ya makao ya watu. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita katika Afrika ya Mashariki ukawaua ng'ombe kwa maelfu. Watu wakapatwa na njaa, mashamba mengi yakaachwa, na vichaka vikaota mahali palipokuwa malisho. Pamoja na vichaka wakaja mbung'o, maana inzi huyo hupenda kivuli, hutaga mtoto wake katika udongo wenye kivuli, wala hawezi kukaa mahali peupe penye jua kali. Wanyama wa porini humlisha, naye huwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana na wanadamu ugonjwa wa malale. Mwaka wa 1922 malale yalionekana katika nchi ya Maswa, na hofu ikawa kubwa.

Basi katika siku hizo alikuwako Bwana C. F. M. Swynnerton, aliyewekwa mwaka wa 1919 kuwa mkuu wa wanyama wa porini wa Tanganyika. Alikuwa mjuzi wa ndege na mimea, si mtu wa kuichukia miti. Baadaye akawa mkuu wa utafiti wa mbung'o, na makao ya utafiti huo yakawa Shinyanga. Hata aina mojawapo ya mbung'o wa nchi hiyo ikapewa jina lake. Akafa mwaka wa 1938 katika ajali ya ndege. Yeye na wenzake walijaribu njia nyingi, kama moto, na kufyeka, na kutenga porini vipande vipande. Njia iliyowafaa watu zaidi ilikuwa kufyeka. Katika miaka ya 1920 Mtemi Makwaia wa Usiha alikubaliana na shauri hilo, na maelfu ya wanaume wakatoka kwa zamu wakati wa kiangazi, kila mtu na shoka lake, wakakata vichaka maili kwa maili.

Tusiwahukumu upesi watu hao. Kazi yao ilileta uzima. Ng'ombe walirudi mahali walipokuwa wakifa, na familia zikapata makao. Kama mimi na wewe tungaliona mifugo yetu ikikonda na ndugu zetu wakilala usingizi wa mauti, tungalishika shoka pamoja nao. Lakini tazama kipimo chao. Msitu ulipimwa kwa mbung'o peke yake. Penye mbung'o, msitu ulikuwa adui. Pasipo mbung'o, nchi ilihesabiwa kuwa nzuri. Swali la maji halikupewa nafasi yake, wala halikuulizwa sana ni vilima vipi vyafaa kuachwa na miti yake. Kabla ya miaka ya 1930 kwisha, mabwana wa kilimo walikuwa wakihangaika kwa sababu udongo wa Usukuma ulikuwa ukichukuliwa na mvua.

Pigo la pili lilikuja likiwa na sura ya neema. Watu waliongezeka, na ng'ombe waliongezeka, na pamba ikaleta fedha. Mwaka wa 1947 Serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Wakuu waliona kwamba upande wa mashariki umejaa watu kupita kiasi, wakashauri wengine wahamie Geita. Porini pakafyekwa, malambo yakachimbwa, na wahamiaji wakapanda pamba mahali palipokuwa miombo. Pamoja na hayo zilitolewa amri nyingi, kama kupunguza ng'ombe na kufunga matuta, na aliyekosa alitozwa faini. Nyingine za amri hizo zilikuwa na maana nzuri, lakini zilitoka juu kama mawe, na watu wakazichukia. Kabla ya uhuru wa mwaka wa 1961 nyingi zilikuwa zimekwisha kuanguka. Kipimo cha wakati huo kilikuwa idadi: watu wangapi, ng'ombe wangapi, marobota mangapi ya pamba.

Hata hivyo Wasukuma walikuwa na desturi yao wenyewe ya kuhifadhi nchi, nayo huitwa ngitili. Maana yake ni mahali palipofungwa. Mvua zinapoanza, mtu au kijiji hutenga sehemu ya malisho, wala ng'ombe hawaingii humo. Nyasi hukua, na miche ya miti hukua pamoja nazo. Kiangazi kikizidi na malisho mengine kwisha, ngitili hufunguliwa sehemu kwa sehemu, na hasa kwa ajili ya ndama na ng'ombe wadhaifu. Sheria zake zililindwa na mkutano wa watu uitwao dagashida, na aliyevunja mwiko alilipa. Tazama, hapo palikuwa na kipimo cha namna nyingine: waliitazama nchi ya leo huku wakiifikiri ile ya miezi sita ijayo.

Desturi hiyo nayo ikapatwa na pigo. Mwaka wa 1963 utawala wa watemi uliondolewa kwa sheria. Kisha mwaka wa 1974 na 1975 watu wa Shinyanga, kama wengine wa Tanzania, walihamishwa kutoka maboma yao yaliyotawanyika wakakusanywa katika vijiji. Nia ilikuwa kuwapatia shule, zahanati na maji kwa urahisi. Lakini ngitili zao ziliachwa nyuma, mbali na macho yao, na kitu kisicho na mwenyewe huliwa na kila mtu. Karibu na vijiji vipya miti ilikatwa kwa kujenga na kwa kuni, na ng'ombe wengi wakakanyaga mahali padogo. Kipimo cha wakati huo kilikuwa umbali wa nyumba na shule. Kilikuwa kipimo chema, lakini nacho kilikuwa kimoja tu.

Basi ilipofika katikati ya miaka ya 1980, watu walizoea kuiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Makorongo yalikuwa yameipasua miteremko, malambo yalijaa tope, na wanawake walikwenda mwendo mrefu kutafuta kuni, hata wengine wakapikia mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba. Rais Julius Nyerere aliiona hali hiyo, na mwaka wa 1986 ikaanzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, ijulikanayo kama HASHI, ikisaidiwa na fedha za watu wa Norwe. Wakati huo ngitili zilizojulikana kwa hesabu zilikuwa hekta 600 tu.

Mwanzoni watumishi wa HASHI walifanya kama watu wengi wafanyavyo: walianzisha vitalu, wakaotesha miche, nyingine ya miti ya kigeni, wakawagawia watu wapande. Miche mingi ilikufa kwa ukavu, na kwa mchwa, na kwa ng'ombe. Ndipo walipokaa na wazee wakasikiliza. Wazee wakawakumbusha habari za ngitili. Wakatazama tena ile nchi iliyodhaniwa kuwa imekufa, na kumbe chini ya ardhi mizizi ya migunga na ya miti mingine ilikuwa hai, na visiki vilikuwa vikichipuka kila mwaka, ila kila mwaka chipukizi zake ziliumwa na ng'ombe. Haikuhitajiwa kuupanda msitu upya. Ilihitajiwa kuuacha upumzike.

Tangu hapo kazi ikageuka. Vijiji vilichagua sehemu zake, dagashida ikatoa sheria, na sungusungu wakasaidia kulinda. Serikali ikakubali kwamba mtu au kijiji aweza kumiliki ngitili yake. Hata kufika mwaka wa 2004 ngitili zilihesabiwa kuwa zaidi ya hekta 350,000 katika vijiji 833. Zikaonekana humo aina zaidi ya 100 za mimea, na aina zaidi ya 100 za ndege. Watu walipata malisho, fito, kuni, nyasi za kuezekea, asali, matunda na dawa, na wanawake wakapunguziwa mwendo wa kutafuta kuni. Wataalamu walipozihesabu faida hizo kwa fedha, waliona kwamba mtu mmoja hupata kama dola 14 za Marekani kwa mwezi, na wakati huo matumizi ya mtu wa shamba katika Tanzania yalikuwa kwa wastani kama dola 8 na nusu. Mwaka wa 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Sisemi kwamba mambo yote yalikuwa sawa. Wanyama waliorudi pamoja na miti waliharibu mazao na kukamata mifugo. Tena mwenye ng'ombe wengi na shamba kubwa aliweza kujifungia ngitili kubwa, na maskini akabaki akiitegemea ile ya kijiji. Kama kijiji hakina yake, maskini hana kuni. Kwa hiyo mwenye kupima uzima wa msitu na asihesabu miti tu, bali na watu ambao mlango wa msitu umefunguliwa kwao, na wale ambao umefungwa.

Sasa twende Geita, maana huko ndiko habari hizi zinakotuhusu leo. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu enzi ya Wadachi. Mgodi mkubwa ulifanya kazi tangu mwaka wa 1936 mpaka 1966, nao ulikuwa mkubwa katika Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 2000 mgodi mpya ulifunguliwa hapo, na sehemu ya eneo lake imo katika Msitu wa Hifadhi wa Geita. Upande wa Kahama ulifunguliwa mgodi wa Bulyanhulu mwaka wa 2001. Pamoja na migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo, maelfu kwa maelfu, kama wale wa Nyarugusu na Rwamagasa. Hao huchimba maduara, na ili kuta zisiwaangukie huzishika kwa magogo wayaitayo matimba. Miji nayo imekua, na mji hula mkaa. Kahama kuna tumbaku, na tumbaku hukaushwa kwa kuni. Basi swali la kwanza limekwisha kujibiwa: misitu ya Geita inapigwa na shoka la mkulima, la mchoma mkaa na la mchimbaji kwa pamoja.

Swali la pili: yaumia kiasi gani? Hapa yafaa tuogope kuliko Shinyanga. Penye mteremko mkali na mvua nyingi, kilima kilichovuliwa miti hupoteza udongo upesi zaidi. Na udongo ule haupotei hewani. Huingia katika vijito, na vijito huingia katika hori za ziwa, ambamo watu huvua samaki na kuteka maji. Watu wa Shinyanga na Kahama wenyewe, tangu bomba kubwa lilipozinduliwa mwaka wa 2009, hunywa maji ya ziwa hilo yaliyovutwa kutoka mbali. Tunashukuru kwa bomba. Lakini bomba hujaza ndoo ya mjini. Haliwezi kunywesha malisho, wala kuzuia korongo lisile shamba.

Swali la tatu: yaweza kupona? Jibu la swali hili ni la namna mbili. Mti wa miombo uliokatwa kwa shoka huchipuka, kisiki kikiachwa na moto ukizuiwa. Shinyanga imetuonyesha kwamba nchi iliyokatwa kwa miaka sitini yaweza kuota tena katika miaka ishirini. Lakini mahali palipochimbwa, udongo wa chini ukatupwa juu na wa juu ukafukiwa, hapana kisiki. Na mahali ambapo dhahabu huoshwa kwa zebaki, zebaki hiyo hushuka katika matope ya kijito, ikaingia katika samaki, wala haichipui wala haiozi. Shoka huacha mzizi, sururu haiachi. Kwa hiyo misitu ya Geita ina hatari ambayo Shinyanga haikuwa nayo kwa kiasi hicho.

Je, nasema mchimbaji aache kuchimba? La. Naye ana watoto, kama vile mtu wa Maswa alivyokuwa na ng'ombe wake. Nasema kijiji kiipime nchi yake kabla ya kuikata, tena kwa vipimo vyote, si kwa dhahabu peke yake. Sheria zipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka wa 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2002 zakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuulinda. Sheria ya Mazingira ya mwaka wa 2004 yakataza kazi ziharibuzo ndani ya mita 60 za mto au ziwa. Lakini twakumbuka amri za miaka ya 1950: sheria isiyopata makao katika mkutano wa kijiji hubaki karatasini.

Nanyi walimu wenzangu mwaweza kuwafundisha watoto kipimo kidogo. Chukueni debe mbili za maji. Moja mwageni polepole juu ya mteremko uliofyekwa na kukanyagwa, na ya pili juu ya mteremko kama huo wenye majani na miti. Angalieni maji ya wapi yatafika chini kwanza, na ya wapi yatakuwa na rangi ya udongo. Kisha waulizeni watoto: chemchemi yetu yaanzia kilima gani? Ni nani akatae miti huko? Visiki vyake vinachipuka, ama vimeng'olewa? Babu zao walioishi hapo zamani waliteka maji mahali gani wakati wa kiangazi, na mahali hapo pakoje leo? Majibu yao yakiandikwa katika daftari moja mwaka kwa mwaka, kijiji kitakuwa na habari ambazo hapana mtaalamu mgeni awezaye kuzileta.

Watu wa Shinyanga walipona kwa sababu mizizi yao ilikuwa bado ardhini, na kwa sababu wazee wao walikuwa bado hai wa kukumbusha ngitili. Vitu hivyo viwili havingojei milele. Kijiji cha Geita chenye kilima kimoja kilichobaki na miti yake, kule juu kijito kinakoanzia, na kikutane mwaka huu, kiweke mipaka, kichague walinzi, na kipatie maskini wake njia ya kupata kuni bila kuiba. Kwani kilima hicho kikiisha kugeuzwa chini juu, watoto wetu hawatakuwa na kisiki cha kukingojea kichipuke.